Wasomaji Wauliza: Sumaku Inavutaje Risasi Kutoka Kwenye Majitaka?

Barua nyingi za safari hii zimegusa jambo moja: unga wa sumaku wenye chembe za ukubwa wa nano, unaotumika kutoa metali nzito kwenye majitaka. Zinazofanana tumeziunganisha. Pale ambapo msomaji alieleza vizuri alichokifanya mezani, tumeyaacha maelezo yake kama yalivyo, kwa sababu mara nyingi kosa limejificha humo humo.

SWALI: Ndugu wahariri, shuleni tulifundishwa kwamba sumaku huvuta chuma, nikeli na kobalti. Risasi, zebaki na kadimiamu hazimo. Sasa nasoma kwamba majitaka yenye risasi yanasafishwa kwa sumaku. Nimwamini nani?

JIBU: Mwamini mwalimu wako. Sumaku haigusi ioni ya risasi (atomi ya risasi yenye chaji ya umeme) iliyoyeyuka majini, hata iwe na nguvu kiasi gani. Fikiria punda aliyebeba magunia: anayevutwa kamba ni punda, magunia yanafuata kwa sababu yamefungwa mgongoni. Hapa punda ni chembe ndogo mno ya oksidi ya chuma, mara nyingi magnetaiti (Fe3O4), ile ile oksidi nyeusi iliyomo kwenye mchanga mweusi unaong'ang'ania sumaku. Chembe zinatiwa majini, zinakorogwa, ioni za risasi zinanasa kwenye nyuso zake, kisha sumaku inazivuta chembe pamoja na mzigo wake.

Kwa nini ziwe ndogo hivyo? Metali hainyonywi ndani ya chembe kama maji kwenye sponji. Inanasa usoni tu. Kinachohesabika basi ni eneo la uso, na hesabu yake ni nyepesi: gawanya 6 kwa zao la msongamano na kipenyo. Msongamano wa magnetaiti ni gramu 5.2 hivi kwa sentimita ya ujazo. Gramu moja ya chembe zenye kipenyo cha milimita 0.1 ina eneo la mita ya mraba 0.01 na kidogo, sawa na kiganja cha mkono. Gramu hiyo hiyo, chembe zikiwa za nanomita 10 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ina mita za mraba 115 hivi, sakafu ya nyumba nzima.

Ipo faida ya pili ambayo watu huisahau. Kipande kikubwa cha magnetaiti kikikaa karibu na sumaku kinabaki na usumaku wake, na vipande vinashikana kuwa madonge. Chembe zikiwa chini ya nanomita 20 au 30 hivi, usumaku haubaki. Ukiondoa sumaku na kukoroga, zinatawanyika tena. Bila tabia hiyo unga usingetumika mara ya pili.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nimejaribu mara tatu kutengeneza magnetaiti kwa kuchanganya chumvi mbili za chuma na amonia. Mara ya kwanza ulitoka kahawia, mara ya pili ulitoka mweusi lakini baada ya kukausha kwenye oveni ya nyuzi 110 ukawa mwekundu kiasi na mgumu kama kokoto, mara ya tatu nusu ya unga ilibaki imeshika kijiti cha kukorogea. Nakosea wapi?

JIBU: Unakosea mahali patatu, na pote panatibika. Tuanze na njia yenyewe, ile aliyoichapisha mkemia René Massart mwaka 1981, kisha tuyarudie makosa yako moja moja.

Kanuni ni kwamba ioni mbili za chuma (III) na ioni moja ya chuma (II) (namba ya mabano ni hesabu ya elektroni ambazo atomi imepoteza) zikikutana na hidroksidi nane zinaganda pamoja kuwa Fe3O4 na maji. Uwiano wa 2 kwa 1 ndio roho ya kazi yote. Kwa kundi dogo pima gramu 5.4 za kloridi ya chuma (III) yenye maji sita ya fuwele (FeCl3·6H2O), ambazo ni moli 0.02, na gramu 2.8 za salfeti ya chuma (II) yenye maji saba (FeSO4·7H2O), ambazo ni moli 0.01. Maji ni mililita 100, na yawe yametolewa oksijeni: yachemshe dakika 15 na uyapoze yakiwa yamefunikwa, au upitishe naitrojeni kwa nusu saa. Yeyusha chumvi hizo muda mfupi kabla ya kazi, usizilaze usiku kucha. Pasha hadi nyuzi 60 au 70, koroga kwa nguvu, kisha mimina mililita 20 za amonia ya asilimia 25 kwa mara moja. Kwa hesabu mililita 6 zingetosha kukamilisha mmenyuko, lakini unahitaji ziada ili pH ibaki 10, hasa kwa kuwa amonia inatoroka kwenye joto. Rangi inageuka nyeusi ndani ya sekunde chache. Endelea kukoroga dakika 30 hadi 60 naitrojeni ikipita. Mwisho, kwa hesabu, upate gramu 2.3 za unga. Kazi yote ifanyike kwenye kabati lenye feni ya kutoa hewa, na miwani iwe usoni. Amonia ya asilimia 25 ikiruka jichoni ni msiba.

Sasa ule ukahawia wa kwanza. Kagua chupa ya salfeti ya chuma (II). Fuwele nzima zina rangi ya kijani kibichi kilichopauka. Zikiwa na vumbi la manjano au kahawia juu yake, sehemu ya chuma (II) imeshageuka kuwa chuma (III) ndani ya chupa, na uwiano wako umeharibika kabla hujawasha hita. Tafuta chupa nyingine. Kama huna naitrojeni kabisa, fidia kwa kuongeza chuma (II) tangu mwanzo: uwiano wa 1.5 kwa 1, yaani gramu 3.7 za salfeti kwa zile gramu 5.4 za kloridi, huvumilia kiasi fulani cha hewa. Sababu nyingine ya rangi ya kahawia ni kutia amonia tone kwa tone. Chuma (III) huganda mapema, pH ikiwa bado 2 au 3, na chuma (II) husubiri hadi pH ya juu. Ukienda polepole vinaganda kwa zamu badala ya kuganda pamoja.

Kipimo cha haraka: weka sumaku nje ya kioo. Unga wa kahawia unaovutwa vizuri ni maghemaiti, ndugu yake magnetaiti aliyepoteza chuma (II). Bado unafaa kwa kazi nyingi, usiumwage. Unga wa kahawia-mwekundu, mwepesi kama pamba, usioitikia sumaku, ni hidroksidi ya chuma tu. Huo anza upya.

Oveni ndiyo kosa la pili. Chembe za nanomita 10 zikikaushwa hewani kwenye nyuzi 110 huoksidika, na maji yanapoondoka huzibana zikagandana kiasi kwamba hakuna kukoroga kutakakozirudisha. Ule uso wa mita za mraba 115 umeupoteza. Tunashauri usikaushe kabisa. Uhifadhi unga ukiwa uji ndani ya maji yaliyotolewa oksijeni, chupa ijazwe hadi mdomoni, na kabla ya kuutumia chota mililita 5, zikaushe, upime uzito ili ujue uji una gramu ngapi kwa lita. Ikibidi kukausha, tumia ombwe kwenye nyuzi 50, au ugandishe na kukausha kwa ombwe.

Na kijiti: bila shaka ni kile cha plastiki chenye sumaku ndani. Ukitengeneza kitu kinachovutwa na sumaku huku unakikoroga kwa sumaku, kitaishia kwenye kijiti. Tumia kikorogeo cha pangaboi kinachoshuka kutoka juu kwa mota, kiwe cha plastiki au kioo.

Osha kwa kuuvutia unga kwenye ukuta wa bika kwa sumaku, kumwaga maji, na kuongeza mengine, mara nne au tano, hadi pH ikaribie 7. Kuna dalili itakayokushtua: kadiri chumvi inavyopungua, unga unaanza kukataa kutulia, maji yanabaki meusi hata sumaku ikiwepo. Hujaharibu kitu. Chumvi ilikuwa inafunika chaji za chembe, sasa imeondoka na chembe zinasukumana. Ipe sumaku muda zaidi.

SWALI: Nilijaribu unga wangu kwenye maji yenye risasi miligramu 50 kwa lita. Kwenye pH 5 niliondoa asilimia 92, nikapandisha hadi pH 9 nikapata asilimia 99.8. Msimamizi wangu amekataa matokeo ya pili. Kwa nini?

JIBU: Msimamizi wako ana haki. Kwenye pH 9 risasi nyingi inaganda yenyewe kuwa hidroksidi au kaboneti, hata usipotia unga. Inakaa chini ya chupa, unaimwaga pamoja na unga, na unga unapewa sifa ya kazi isiyo yake. Dawa ni chupa ya ulinganisho: maji yale yale, pH ile ile, muda ule ule, bila unga. Risasi ikipungua humo, imeganda au imeshika kuta za chupa. Kioo hushika risasi, kwa hiyo tumia chupa za polietilini, na sampuli zako zitie asidi ya naitriki hadi pH iwe chini ya 2 mara tu unapozichota. Risasi ifanyie kazi kwenye pH 5 hadi 5.5. Rekebisha kwa asidi ya naitriki na hidroksidi ya sodiamu, wala usitumie bafa (mchanganyiko wa kushikilia pH) ya fosfati, maana fosfati ya risasi huganda upesi kuliko unavyodhani.

Asilimia peke yake haielezi mengi. Andika uwezo: toa kiasi kilichobaki kutoka kiasi cha mwanzo, zidisha kwa ujazo, gawanya kwa uzito wa unga. Kama ulitumia mililita 100 na gramu 0.1, asilimia 92 ina maana miligramu 50 zimeshuka hadi 4 kwa lita, na uwezo ni miligramu 46 kwa gramu. Ukitumia gramu 1 ya unga utapata asilimia nzuri zaidi na uwezo mbaya zaidi.

Jambo lingine limewaponza wengi. Chujio la mikromita 0.22 lina matundu ya nanomita 220. Chembe ya nanomita 10 inapita humo bila hata kuinama, ikiwa na risasi mgongoni. Tenganisha kwa sumaku kwanza, chuja, kisha pima chuma pia kwenye maji hayo. Chuma kikionekana, punda wako wametoroka na magunia.

SWALI: Maji yetu yana aseniki, si risasi, na pH yake ni 8.5. Mwenzangu ana majitaka ya kiwanda cha kupaka kromiamu. Je, unga ni ule ule?

JIBU: Unga ni ule ule, masharti yamegeuka. Uso wa magnetaiti hubadilisha chaji karibu na pH 6.5 hadi 7. Chini ya hapo una chaji chanya, juu ya hapo hasi. Risasi, shaba na kadimiamu huingia majini zikiwa ioni chanya, kwa hiyo zinapenda uso usio na chaji chanya nyingi. Aseniki (V) na kromiamu (VI) husafiri zikiwa zimeshikana na oksijeni, na jumla yake ni ioni hasi. Hizo zinataka pH ya chini.

Kwa aseniki, shusha pH hadi 6 au 6.5. Lakini kwanza ulizia ni aseniki ipi. Maji yaliyokosa hewa, yatokayo chini sana ardhini, mara nyingi yana aseniki (III), ambayo kwenye pH hizo haina chaji yoyote na hunasa kwa ulegevu zaidi. Igeuze kuwa aseniki (V) kwa klorini au pamanganeti kabla ya kutia unga. Pima fosfati pia. Fosfati na aseniki (V) zina umbo moja na hugombania kiti kimoja, na kwa kawaida fosfati ndiyo nyingi. Unga uliofanya maajabu kwenye maji yaliyotoneshwa unaweza kushindwa kabisa kwenye maji yenye fosfati, silika na uchafu wa mimea uliooza. Fanya jaribio kwa maji halisi tangu wiki ya kwanza.

Kromiamu (VI) inanasa vizuri kwenye pH 3 hadi 4, na hapo magnetaiti inafanya kazi ya ziada: chuma (II) kilichomo kinaipa elektroni na kuigeuza kromiamu (III), ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Gharama yake ni kwamba uso wa chembe unaoksidika na kuvikwa tabaka la kromiamu na chuma, na baada ya mizunguko michache unga unachoka. Ukishuka chini ya pH 3, magnetaiti yenyewe inaanza kuyeyuka. Kipimo cha rangi cha difenilikabazidi, kinachosomwa kwenye nanomita 540, kinaona kromiamu (VI) pekee. Pima kromiamu yote kwa mashine ya atomiki (inayotambua metali kwa mwanga ambao atomi zake hufyonza au kutoa), la sivyo utatangaza ushindi kwa kitu kilichobadilika sura huku kikiwa bado majini.

SWALI: Naendesha karakana ya kupaka shaba. Tunatoa mita za ujazo 10 za majitaka kwa siku, yenye shaba miligramu 200 kwa lita. Nataka kuachana na chokaa nihamie kwenye unga wa sumaku. Nianze na kilo ngapi?

JIBU: Ndugu yetu, usiachane na chokaa. Mita 10 zenye miligramu 200 kwa lita ni kilo 2 za shaba kila siku. Hata unga ukibeba miligramu 40 kwa gramu, utahitaji kilo 50 kila siku, na hapo maji bado hayajawa safi. Chokaa ya kutosha kugandisha shaba hiyo ni kilo 2.3 hivi kwa hesabu, ukiacha ile ya kuua asidi iliyomo. Pandisha pH hadi 8.5 au 9, acha shapo litulie, chuja. Unga wa sumaku ufanye kazi ya mwisho, ya kuondoa miligramu moja au mbili zinazobaki.

Hapo napo kuna mtego unaostahili kutazamwa kwa namba. Uwezo unaoandikwa kwenye ripoti ni dari, unaofikiwa pale metali ikiwa tele majini. Chukua unga wa mfano ambao dari yake ni miligramu 60 kwa gramu na namba yake ya Langmuir, inayoonyesha jinsi unga unavyoshika metali kwa nguvu, ni lita 0.1 kwa miligramu. Maji yanayobaki yakiwa na miligramu 20 kwa lita, unga unabeba miligramu 40 kwa gramu. Ukitaka yabaki na miligramu 0.1 tu, unga ule ule unabeba miligramu 0.6. Kwa mita zako 10 zilizotoka kwenye chokaa na miligramu 2 kwa lita, tangi moja la kukorogea litakula kilo 32 za unga.

Weka matangi mawili kinyumenyume. Unga mpya uingie tangi la pili, ambako maji yameshapungua metali, kisha unga huo huo urudishwe tangi la kwanza kukutana na maji machafu. Kwa namba zile zile mahitaji yanashuka hadi kilo 7 hivi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote utakazoipata, na haihitaji kubadilisha kemia yoyote.

Kila tangi likoroge dakika 20 hadi 30. Kutenganisha, ujazo huo hautoshi kwa sumaku iliyobandikwa ukutani. Pitisha maji kwenye bomba lililojazwa sufu ya chuma cha pua, aina inayovutwa na sumaku, bomba likiwa katikati ya sumaku ya umeme. Nyuzi nyembamba za sufu hukusanya uga wa sumaku kwenye kingo zake, na kinachovuta chembe ni mabadiliko makali ya uga ndani ya nafasi ndogo, kuliko ukubwa wa sumaku wenyewe. Ukizima umeme na kupitisha maji kinyume, unga unatoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha mwaka 2006 katika jarida la Science kwamba chembe za nanomita 12 hutengana hata kwa uga dhaifu kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu ndani ya uga chembe zinashikamana na kutembea kama kundi. Nguvu ya sumaku hufuata ujazo: kipenyo kikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nane.

Mafuta yatolewe kabla ya yote. Tone la mafuta huivalisha chembe koti na hakuna ioni itakayopenya. Na hili tafadhali lizingatie kuliko mengine: kama bafu lako la kupakia lina sianidi, usitie asidi kwenye maji hayo kwa sababu yoyote ile. Gesi itakayotoka inaua ndani ya dakika chache. Sianidi ivunjwe kwanza kwa klorini kwenye pH ya juu ya 10. Isitoshe, shaba iliyofungwa na sianidi, amonia au EDTA (kemikali inayozishikilia ioni za metali majini) haitaganda kwa chokaa wala kunasa kwenye unga.

SWALI: Wengine wanaupaka unga silika, kitosani, thioli, amini. Kuna haja?

JIBU: Ukijua unachokifuata, ipo. Mwaka 1963 mkemia Ralph Pearson alieleza kwamba ioni "laini" hupendana na vishikizo laini, na "ngumu" na vigumu. Zebaki ni laini, na salfa ni laini. Kwa zebaki, thioli, kishikizo chenye salfa, haina mpinzani. Kadimiamu na risasi nazo huipenda thioli kiasi. Amini, kishikizo chenye naitrojeni, hufaa shaba, mradi pH iwe 5 au zaidi. Chini ya hapo amini inabeba protoni, inakuwa na chaji chanya, na inaisukuma shaba. Kitosani, inayotokana na magamba ya kamba na kaa, ni amini iliyotayarishwa na maumbile. Inayeyuka kwenye asidi kama haijafungwa kwa glutaraldehidi, na kila kifungo kinakula amini mbili, kwa hiyo usiifunge kupita kiasi.

Silika, inayowekwa kwa njia ya Werner Stöber na wenzake ya mwaka 1968, kazi yake kubwa ni kuilinda magnetaiti dhidi ya asidi na kuwa ukuta wa kupachikia vishikizo vingine. Yenyewe hainasi sana. Kila koti pia linaongeza uzito usio na usumaku, hivyo koti nene hupunguza mvuto.

SWALI: Nikishanasa metali, naushusha vipi mzigo? Na unga ukichoka niutupe wapi?

JIBU: Tungependa swali hili liwe la kwanza katika kila mradi, maana mpaka hapo metali imehama tu, haijaondoka. Risasi, shaba na kadimiamu hushuka kwa asidi: naitriki ya moli 0.01 hadi 0.1 kwa lita, dakika 15 hadi 30, kisha sumaku na kuosha hadi pH 6. Epuka asidi ya hidrokloriki kwa unga usio na koti, kwa sababu kloridi husaidia kuyeyusha chuma. Kila mara pima chuma kilichotoka kwenye asidi. Ukipoteza asilimia 5 ya unga kila mzunguko, baada ya mizunguko kumi umebaki na asilimia 60. Aseniki na kromiamu (VI) hushuka kwa hidroksidi ya sodiamu ya moli 0.1 kwa lita. Hiyo nayo inalila koti la silika, kwa hiyo chagua koti na kiosheo kwa pamoja.

EDTA inashusha risasi kwa upole bila kuiumiza magnetaiti sana, na wengi wanaipenda kwa hilo. Tatizo linahamia chupa inayofuata: risasi iliyoshikwa na EDTA haitaganda kwa chokaa, na utalazimika kuigandisha kwa salfidi ya sodiamu. Salfidi hiyo isikutane na asidi kamwe, inatoa gesi ya sumu.

Faida yote iko kwenye ujazo. Metali iliyotawanyika kwenye lita 10,000 sasa imo kwenye lita 50 au 100, na hizo unaweza kuzigandisha, au kwa shaba kuzipitishia umeme upate metali yenyewe. Fanya urari kila mzunguko: metali iliyoingia iwe sawa na iliyobaki majini, iliyoshuka kwenye kiosheo na iliyong'ang'ania unga. Urari ukipishana sana, kuna sehemu inavuja hujaiona. Unga uliochoka ni taka hatari. Usiumwage dampo la kawaida, kwa sababu maji yenye asidi yatashusha mzigo uliobaki. Ukusanye kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko na lebo, na umkabidhi mwenye kibali cha kushughulikia taka za aina hiyo. Mara nyingi hufungwa ndani ya saruji, na kipande hicho hupimwa kama kinavujisha kabla ya kuzikwa.

SWALI: Naweza kutia unga huu kwenye ndoo ya maji ya kunywa, nikaweka sumaku ya spika chini, halafu nikanywa?

JIBU: Usifanye hivyo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za risasi kwa lita, 10 za aseniki, 6 za zebaki na 3 za kadimiamu. Unga kidogo tu ulioikwepa sumaku, ukiwa umebeba metali uliyoinasa, unatosha kuvuka mipaka hiyo, na tindikali ya tumbo itaushusha mzigo huo ndani yako.

Kwa anayefanya kazi hii maabara, kuna ukaguzi wa aina mbili. Zima taa, elekeza tochi ya leza kwenye kioo cha maji yaliyotenganishwa. Mstari wa mwanga ukionekana ndani ya maji, bado kuna vitu vinavyoelea. Lakini chembe za nanomita 10 zikiwa chache hazionekani kwa leza, kwa hiyo chukua mililita 50, zitie asidi ya hidrokloriki, chemsha hadi chuma chote kiyeyuke, kigeuze kuwa chuma (II) kwa hidroksilamini, rudisha pH kwenye 4 hivi kwa asetati, kisha tia fenanthrolini. Rangi ya chungwa inayosomwa kwenye nanomita 510 ni chuma. Fanya vivyo hivyo kwa maji ambayo hayajawahi kukutana na unga, na ulinganishe.